Janti Nne za Ukutani

Nawaona, wanangu. Msidhani kwa kuwa nimekaa barazani nachambua mchele basi sioni. Jana yule kijana wa nyumba ya pili aliyatoa magurudumu ya gari la mjomba wake, akayaegemeza ukutani, akachukua kopo la kupulizia, akapuliza rangi nyeusi juu ya kutu, juu ya tope, juu ya kinyesi cha kuku. Kisha akarudi nyuma kidogo, akajipigia mluzi wa kujisifu. Nilitaka kunyanyuka nimzabe kofi, ila magoti yangu siku hizi hayana haraka. Ndiyo maana leo nimewaita mkae hapa chini, mnisikilize bibi yenu nikiwagombeza taratibu.

Mimi Kapinga nimevua rangi kuukuu na kupaka mpya kwenye janti, yaani kile chuma cha gurudumu kinachovaa mpira, tangu enzi za Zaire, tulipokuwa tunaitana sitwayen, yaani raia, na wanaume wanavaa koti la abakosi bila tai. Kazi yenyewe tuliifanya nyumbani, ndani ya lupango, yaani uani, kuku wakipita miguuni. Watu walicheka: mke wa mtu wa reli, mtoto wa Kasai, anapaka rangi magurudumu! Acha wacheke. Walikuwa wanacheka na kesho yake wanaleta magurudumu yao.

Niliingia kazini kwa mlango wa sabuni. Mama yangu alinifundisha kupika sabuni kwa mawese na maji ya majivu. Unachoma mikungu mitupu ya chikichi pamoja na maganda ya ndizi, majivu unayatia kwenye kikapu, unamwagia maji juu, na yale yanayodondoka chini unayachemsha mpaka yanakuwa makali. Ukitaka kujua yamekuwa makali kiasi gani, weka yai bichi. Likielea, yako tayari. Ukitaka kujua zaidi, chovya unyoya wa kuku. Unyoya ukiyeyuka, usitie kidole.

Jirani yangu alikuwa Papa Amisi. Mwislamu wa watu, mpole, wazee wake walitoka Kasongo, na hapa Kindu alijulikana kwa kupaka rangi magurudumu kuliko kwa jina la baba yake. Siku zote nilimsikia akikwangua rangi ya zamani kwa kisu na kipande cha chupa, krr krr, mpaka mtu unasikia meno yanauma. Siku moja nilijikwaa na ndoo yangu, maji ya majivu yakamwagikia kiti chake cha chuma kilichopakwa rangi ya bluu. Nikaanza kuomba radhi. Wakati bado naomba, rangi ikajikunja yenyewe, ikabanduka kama ngozi ya ndizi, na chuma kikabaki kitupu, kinang'aa.

Papa Amisi alikitazama kiti, akanitazama mimi.

"Kapinga, hii njo sabuni ao njo shetani?"

"Njo sabuni, papa. Bado kutia mafuta tu."

"Basi usitie mafuta. Lete pipa."

Tangu siku hiyo tukawa wawili. Mimi nikisimamia pipa la kuvulia, yeye akisimamia rangi, na mkewe, yaya Zaina, dada mkubwa kwangu, akisimamia matumbo yetu sote kwa sombe, yaani kisamvu, na samaki.

Sikilizeni basi. Mtu asiwadanganye kwamba rangi ndiyo kazi. Kazi ni kuvua. Rangi mpya juu ya kutu ni kanga mpya juu ya mwili usioogeshwa. Ukishavua, suuza kwa maji mengi, halafu kwa maji ya ndimu, uue ukali wa majivu. Kausha siku hiyo hiyo, maana chuma kikilala kitupu karibu na mto huu wetu, asubuhi kimeshaota kutu ya rangi ya machungwa. Paka kwanza ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Asubuhi usifungue kopo la rangi mpaka ukungu wa Lualaba umeondoka, la sivyo rangi yako itakauka ikiwa na weupe kama jicho la mzee. Na kabla ya kupaka, mwagia ardhi maji, vumbi lilale.

Pale nati za gurudumu zinapokaa, usipake kabisa. Niliwahi kupaka pale, nikaona nimefanya vizuri, pote kunapendeza. Papa Amisi alichukua msasa akaiondoa rangi yote.

"Nati inataka kuuma chuma," akaniambia. "Ukiipa rangi iume, rangi inaisha, nati inalegea, na gurudumu inamupita shofere barabarani inamusalimia."

Kosa langu lingine lilikuwa pampu. Hatukuwa na mashine za kupulizia, tulikuwa tunatumia pampu ya mkono ya dawa ya mbu. Mara ya kwanza niliikung'uta tu, nikatia rangi, nikapuliza. Kumbe ndani kulibaki mafuta ya ile dawa. Rangi ikakataa kushika, ikakimbia huku na huku ikaacha matundu kama mtu aliyepona ndui. Nilikaribia kulia. Papa Amisi alilizungusha lile gurudumu, akalikagua pande zote, akasema, "Angalau hii haitapata malaria." Tukarudi kwenye pipa, tukavua tena.

Ila kilichomfanya Papa Amisi awe Papa Amisi ni ule mstari. Alikuwa akimaliza kupaka nyeupe, analifunga gurudumu kwenye ekseli ya zamani aliyoichimbia ardhini, analizungusha kwa mguu, halafu anasogeza brashi ya nywele za mbuzi mpaka inagusa tu. Mkono hausogei. Gurudumu ndilo linajichora lenyewe, mstari mwekundu, mwembamba, unaanza na kuisha mahali pamoja wala huoni pa kuungia. Mimi nimejaribu miaka yote hii. Pa kuungia pangu panaonekana, hata leo.

Alikuwa na janti nne alizozipaka hivyo kwa ajili ya kuonyesha wateja. Alizitoa kwenye gari bovu la ofisi ya zone, yaani wilaya, lililokufa likatupwa nyuma ya jengo, na kila moja aliitundika kwenye msumari wake, kwenye ukuta unaotazama njia. Watu wa Kindu walikuwa wakielekezana kwa janti hizo: ukifika kwenye magurudumu meupe, kata kushoto. Yaya Zaina alisema mume wake anazifuta vumbi kuliko anavyofuta viatu vya kuendea msikitini, na alikuwa hatanii.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Komisere, mkubwa wa zone yetu, aliletewa gari jipya kwa treni. Wageni wakubwa walikuwa wanatarajiwa kutoka Kinshasa, akataka magurudumu yake, yaliyokuwa ya kijivu, yapakwe rangi nyeupe. Dereva wake, Kitenge, alilipandisha gari juu ya magogo, akatuletea janti kwa mkokoteni. Papa Amisi alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Gari la komisere! Mimi sikuwepo. Kwa ajili ya wageni hao hao, wanawake wote wa mtaa tuliitwa kwenye mazoezi ya nyimbo na michezo ya kuwapokea, na kukosa mazoezi wakati ule halikuwa jambo la kuchekea. Kwa hiyo nikiwa kule nazungusha kiuno na kuimba sifa, kwa watu ambao hata Kinshasa walikuwa hawajaiacha, pipa langu lilikuwa linachemka nyumbani bila mimi.

Kila mwanamke apikaye sabuni anajua jambo moja: maji ya majivu hayatiwi kwenye sufuria ya aluminiyomu. Yanaila. Nilichapwa kwa ajili hiyo nikiwa mdogo. Ningekuwepo, ningesikia ule mlio wake, shiii, kabla hata ya kuona kitu. Nimeurudia mchana ule kichwani mwangu mara nyingi kuliko ninavyosali. Kwa nini wasingetuita mazoezi siku iliyofuata?

Niliporudi, povu jeusi lilikuwa limefurika hadi kwenye mabanda ya kuku. Papa Amisi amesimama na kijiti, ameinua janti kutoka kwenye pipa, na janti yenyewe imeliwa, imetoboka-toboka, kingo zimekuwa nyembamba kama mkate wa muhogo. Ya pili ilikuwa imelala chini, vivyo hivyo.

"Kapinga, ile maji yako leo inakula chuma."

Nilishika kile kipande. Mkono wangu ukajua mara moja.

"Papa, hii haiko chuma. Aluminiyomu njo hii. Rangi ya kijivu ilificha."

"Nilisikia ni nyepesi," akasema. "Nikasema wazungu wamepata akili, wamepunguza uzito."

Akakaa chini, palepale kwenye maji. Yaya Zaina alitoka jikoni akataka kumwinua, akakataa.

"Hii ni mali ya Serikali," akasema. "Ya komisere, na wageni wanakuja. Wataita sabotaje. Watanitia buloko, Zaina. Mutu wa umri yangu anaingia buloko, anatoka namna gani?"

Msicheke. Nyinyi hamkuziishi siku zile. Neno sabotaje, yaani hujuma, likishasemwa juu ya mtu, hakuna aliyetaka kusikia habari za aluminiyomu. Nilimwambia tungoje, tuzungumze na Kitenge, Kitenge ni mtu. Hakusikia. Asubuhi, ukungu bado uko juu ya maji, yeye na yaya Zaina walipanda mtumbwi wakateremka hadi Lokandu, kwa shemeji zake. Hakubeba hata brashi moja.

Kitenge alipokuja kuchukua magurudumu, akakuta lile povu na mimi. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono kichwani, maana hata yeye alikuwa na shingo ya kukatwa. Halafu macho yake yakapanda ukutani.

"Mama Kapinga. Zile za juu, si zilitoka kwa gari ya zamani ya ofisi? Matundu njo mamoja na ya hii."

Nilizishusha kwa mikono yangu. Niliona uchungu kuzishusha, nakiri, kama mtu anayeuza mali ya marehemu wakati mwenyewe yuko hai. Lakini nilijiambia: bora ukuta mtupu kuliko Papa Amisi gerezani. Tulizifunga zote nne siku ile ile, zifanane. Kesho yake komisere alitoka nje, akalizunguka gari lake, akasema, "Nyeupe inapendeza," akaingia, akaenda zake. Hiyo ndiyo hukumu yote. Hakuuliza nani, hakuuliza vipi. Zile mbili zilizoliwa nilizipeleka kwa wasubu sufuria, wakaziyeyusha. Sufuria ninayopikia maharagwe yenu hapa ni moja ya hizo, na ndiyo maana hamruhusiwi kuigusa na majivu. Tangu hapo, janti haijaingia pipani kwangu bila kuguswa na sumaku ya spika ya redio. Sumaku ikinata, ni chuma, endelea. Isiponata, tumia kisu na uvumilivu. Kitu kidogo hivyo, sumaku ya redio mbovu, kilikuwa kinalala kwenye kabati langu siku ile.

Nilipopata nafasi nilipanda boti hadi Lokandu. Nilimkuta Papa Amisi shambani anapalilia karanga, amekonda, mikono ile ya brashi imeshika jembe vibaya. Yaya Zaina alinipikia, tukakaa. Nikaanza habari zangu.

"Papa, rudi nyumbani. Hakuna mutu anauliza juu yako. Gari ya komisere inatembea vizuri, tena ile magurudumu..."

Akainua mkono.

"Kapinga, mwanangu. Humu kwangu usinitajie gurudumu."

"Lakini papa, ningetaka tu ujue..."

"Nimesema."

Mimi nimelelewa vyema, wanangu. Mzee akiinua mkono, unameza neno lako. Nikalimeza. Yaya Zaina alinipa jicho kwamba nisimkaze, nitamfunga moyo zaidi. Tulizungumza habari za karanga, na za mvua, na za nani kaoa. Jioni wakati nafunga kitambaa niende, Papa Amisi akanisindikiza hadi majini, akasema bila kunitazama:

"Tukivuna hizi karanga, nitarudi. Umwambie paka wangu."

Nilirudi Kindu nikiimba. Nilifagia lupango lake, nikaupaka chokaa ule ukuta, nikaiacha ile misumari minne mahali pake. Nilipanga maneno ya kumwambia siku atakapoukuta ukuta mtupu, na jinsi atakavyonifokea kwanza kisha acheke.

Kabla karanga hazijavunwa, komisere alifanya ziara ya vijiji kando ya mto. Niliposikia atapita Lokandu, nilifurahi, Mungu shahidi yangu. Nilisema, vizuri, Papa Amisi atayaona magurudumu yake mwenyewe, atajua yote kwa macho bila mimi kuvunja adabu. Kitenge alinieleza baadaye kwamba njia ilikuwa mbovu lakini watu walipokea vizuri, na mzee mmoja alimwonyesha komisere heshima kubwa. Kitenge hakumtambua mzee huyo ni nani. Kofia, matope, watu wengi.

Karanga zikavunwa. Papa Amisi hakuja. Nilikwenda tena Lokandu, shemeji zake wakaniambia aliondoka na mkewe siku ileile ya ziara, wakavuka mto, wakaingia msituni kuelekea upande wa Obokote, wala hakusema sababu. Obokote si mahali pa kufika kwa kufunga kitambaa tu. Niliwapa wachuuzi salamu, walioenda na waliorudi. Hakuna jibu. Nikaendelea na kazi peke yangu, nikaipenda na kuichukia. Kila mteja aliponiomba mstari mwekundu nilimwambia fundi wa mstari amesafiri.

Miaka ikapita, watoto niliowabeba wakaanza kunibebea ndoo. Halafu yaya Zaina akaingia kwenye lupango hili, peke yake, amevaa nguo za ujane zilizopauka. Hakuwa na haja ya kusema. Nilimwandalia mkeka, nikampa maji, nikamwachia nafasi alie, nami nikalia. Alipotulia aliutazama ule ukuta wa upande wao.

"Misumari ungali nayo," akasema.

Nikamuuliza kilichowafukuza Lokandu. Akanisimulia, nami nawapa kama alivyonipa.

"Walitupanga kando ya barabara kumupokea mukubwa. Barabara ilikuwa matope. Gari ikakwama mbele yetu kabisa. Mume wangu akaangalia chini, akaona gurudumu. Akachuchumaa. Akatoa kitambaa yake, akapangusa matope polepole, mupaka ule mustari mwekundu ukaonekana wote. Watu wakapiga makofi, walizani anaheshimu mukubwa. Mukubwa akashusha kioo, akasema, 'Mersi, papa, asante. Haya magurudumu ni mazuri sana.' Gari ikatoka, ikaenda."

"Na yeye?"

"Akanivuta kando. Akasema, 'Umesikia, Zaina? Ananijua. Wamevunja kwangu, wamebeba janti zangu, wanakuja kunionyesha mbele ya watu. Sasa na Kapinga wamemushika.' Akalia juu yako, Kapinga. Njia yote ya Obokote alikuwa analia juu yako. Mupaka anakufa alikuwa anakuombea utoke buloko."

Nilimshika mikono, nikamweleza yote: Kitenge juu ya ndoo, matundu yaliyolingana, mimi niliyezishusha, komisere aliyesema nyeupe inapendeza. Hakuna aliyevunja. Hakuna aliyetafuta. Yule mkubwa hakujua hata kama kuna mtu duniani anaitwa Amisi.

Yaya Zaina alikunja na kukunjua ncha ya nguo yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mtu mwingine aliyekaa pembeni yetu:

"Kumbe ile mersi ilikuwa mersi tu."